Kila Mtu Mara Moja

Mwatima hakuwa mtu wa kuamini jumla. Ukimwambia watu kumi wamekuja, atakuuliza kumi gani. Ukimwambia mvua imenyesha siku tatu, atataka kujua kama ile iliyoanza jioni ikakatika asubuhi umeihesabu siku moja au mbili. Kwa tabia hiyo hakualikwa harusini mara nyingi, na kwa tabia hiyohiyo alipewa kiti katika Hifadhi, chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mto, awe mwandishi wa swali la mwaka. Na si kazi ya mchezo. Katika mji ule mtu haishi kwa kula na kulala tu. Huishi kwa kushuhudiwa, na swali la mwaka ndilo linaloamua nani ameshuhudiwa vya kutosha na nani hakutosha.

Hakuna aliyewahi kuuona mwisho wa Hifadhi. Droo zimepangwa ukutani, ukuta unafuatwa na ukuta, na wapo makarani walioshuka ngazi zake wakiwa vijana wakapanda na mvi, wakaapa kwamba walikwenda kuchukua kalamu tu. Kila mtu wa mji ana droo yake. Ndani ya droo mna vikaratasi vya mashahidi wake: fulani alikuja siku fulani, akasema nilimwona mtu huyu akifanya jambo hili, akagandamiza dole gumba lenye wino, akaenda zake. Ukitaka kujua lolote juu ya watu, huzifungui droo moja moja, maana utakufa kabla ya kufika kona. Unaandika swali kwenye karatasi, unalisukuma katika tundu lililo ukutani, unasubiri, na jibu linatoka tunduni likiwa na joto la mkate. Hifadhi haina huruma wala chuki. Haikisii ulichotaka; hujibu ulichoandika. Ndiyo maana Mwatima aliishuku kuliko alivyowashuku watu. Mtu akikudanganya, angalau utamtazama machoni.

Sheria ya mji ni fupi, na watoto huiimba wakiruka kamba. Abaki kila mwenye mashahidi watatu au zaidi, NA ambaye yeye mwenyewe AU mmoja wa mashahidi wake amewahi kuzika mtu katika mji huu. Basi. Asiyetimiza, droo yake huvutwa alasiri ya siku ya swali, na ikishavutwa hakuna atakayemkumbuka kupita usingizi mmoja. Unalala una jirani, unaamka una ukuta. Hata ukiambiwa habari zake, ukilala zinakutoka tena. Kwa nini watatu, kwa nini kuzika, hakuna aliyejua. Mwatima aliwahi kufikiri kwamba mtunga sheria alikuwa na marafiki watatu na kaburi moja, akajipimia mwenyewe kwanza. Wazo hilo hakumwambia mtu.

Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na njia ya kujua waliokwenda, na njia yenyewe haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa daftari. Humo alinakili swali la kila mwaka na jibu lake: namba za droo, ni mtu wa nani, mashahidi wangapi. Majina Hifadhi haitoi. Asubuhi alilisoma daftari lake kama mtu anayesoma barua za watu wengine.

Siku ya swali mwaka huo aliwahi kufika. Bi Raya, mwenye muhuri, alikuwa amekwisha kuwahi zaidi. Bi Raya ndiye aliyelihakiki swali kabla halijaingia tunduni kwa mara ya mwisho, na kila asubuhi, kabla ya kuketi, alifuta vumbi viti viwili, akakalia kimoja. Ukimuuliza kile cha pili cha nani, hukasirika.

"Kiti ni kiti," husema. "Kwani vumbi linauliza?"

Mwatima hakuuliza. Alijua, kwa kuwa lilikuwa daftarini, na kila asubuhi alipolisoma alilifunga haraka.

Aliandika rasimu, akaisukuma tunduni kwa kujaribu, akasubiri. Jibu lilipotoka, orodha ya watakaovutwa, aliipitisha macho juu juu kama mtu anayetafuta mende kwenye unga. Katikati ya orodha macho yakagota. Droo elfu sita na kumi na tisa. Mashahidi: wawili.

Namba hiyo aliijua. Ilikuwa ya Machano, mdogo wake, mtu pekee wa damu yake aliyebaki. Machano alikuwa amevuka mto akiwa kijana, akakaa ng'ambo, ambako swali la mwaka halifiki, miaka ambayo kila akiihesabu ilitoka tofauti, na mwaka huo alikuwa amerudi na mfuko wa nyaya akafungua kibanda cha kutengeneza miavuli. Wawili! Mwatima aliisoma namba tena, tarakimu kwa tarakimu. Aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, aliugeuza woga ukawa kazi anayoiweza, yaani kushuku. Mtu amefungua droo. Mtu ameiba vikaratasi. Nani mwenye funguo? Faki, fundi wa droo. Nani mwenye sababu? Yeyote aliyewahi kuumizwa na swali lake. Akamtazama Bi Raya kwa jicho la pembeni. Bi Raya alikuwa anachonga kalamu.

Mlango ukagongwa, akaingia Machano mwenyewe, kichwa chake kimenyolewa nusu.

"Dada, nicheke au nilie?" alisema. "Nimekaa kwa kinyozi, kaninyoa upande huu. Kageuka kunoa wembe. Aliporudi ananiuliza, we nani kakuketisha hapa? Namwambia umeninyoa wewe sasa hivi. Ananiangalia hivi, anasema, sijakuona maishani mwangu. Nimetoka na nusu kichwa."

Bi Raya alicheka mpaka akakiweka kisu chini. Mwatima naye alicheka, kwa sababu kichwa chenyewe kilichekesha kweli, na huku anacheka akajua kwamba mambo yamekwisha kuanza. Hivyo ndivyo huanza. Mtu ambaye jumla yake haitoshi hupungua kabla ya alasiri: salamu haimfikii, kikombe chake huchukuliwa angali anakunywa.

"Machano," alisema, "nenda kaketi kwenye ngazi. Usiondoke. Na kila anayepita mwambie jina lako."

"Jina langu nimwambie ili iweje?"

"Mwambie tu, mdogo wangu. Leo usinibishie."

Machano alimtazama dada yake, kicheko kikamkauka. Alikuwa mtu mzima, si wa kufichwa.

"Nimo kwenye orodha?"

"Umo kwenye rasimu. Rasimu si kitu."

"Ungekuwa unasema kweli ungenitukana kwanza," alisema Machano, akatoka. Wakamsikia ngazini akimwambia tarishi aliyekuwa akipanda, "Mimi Machano, fundi miavuli, ndugu yake Mwatima," na tarishi akimjibu, "Nani kasema?"

Mwatima alishuka mpaka kwenye kuta za chini alikokuwa Faki, akiwa amekwisha kumhukumu njiani. Faki alikuwa mtu wa makamo, mkali, goti moja bovu, na kazi yake ilikuwa kuzipiga randa droo zilizovimba na kuzipaka nta. Waandishi wa juu hakuwapenda hata kidogo.

"Elfu sita na kumi na tisa," alisema Mwatima bila salamu. "Nani kaifungua?"

"Nimeifungua mimi, juzi, ilikuwa inakwama. Na salamu je, au huko juu zimekwisha?"

"Umetoa nini?"

"Nimetoa vumbi." Faki aliweka randa chini. "Mna vikaratasi vitano. Nilivihesabu nikavirudisha vitano. Mimi nikitoa kitu natoa vumbi, bibi. Nyie ndio mnaotoa watu."

"Hifadhi inasema wawili."

"Hifadhi imesema wawili kwa sababu umeiuliza upumbavu. Uliwachekecha kabla ya kuwapima?"

Mwatima alianza kuirudia rasimu yake kichwani, neno kwa neno. Faki, alipoona amempata, alipoa kidogo.

"Mke wangu akinituma pishi mbili za mchele," alisema, "nikipepeta dukani kisha nikapima, nafika na pishi mbili za mchele. Nikipima kwanza nikaja kupepeta nyumbani, nafika na pishi moja na nusu na matusi juu yake. Mchele uleule, pishi ileile, mkono uleule. Ila mchele unataka ungo kwanza; sheria yenu inataka pishi kwanza. Sasa wewe kasome karatasi yako uone umeanza na ungo au umeanza na pishi."

Alipanda ngazi mbili mbili. Akaitandaza karatasi. Na kweli, ndivyo alivyoandika kwa mkono wake: chukua mashahidi, wabakize waliowahi kuzika tu, kisha hesabu waliobaki. Ungo ulitangulia. Sheria ilitaka mmoja tu kati ya mashahidi awe amezika, nao wote wahesabiwe. Yeye alikuwa amewatupa nje wote wasiozika kabla hata hawajafika kwenye pishi. Hakuna aliyeiba. Sharti lilikuwa lilelile, idadi ileile, maneno yote yapo. Kilichokosewa ni mpangilio. Aliona haya, na katika haya ile akaona jambo lililomtisha zaidi. Miaka yote hii, ni mara ngapi aliweka ungo mbele? Na kama mtu huondoka duniani kwa sababu neno limetangulia neno, huyo aliyeondoka alikuwa nani hasa? Alikuwa mtu aliyekosa mashahidi, au alikuwa mtu aliyeulizwa vibaya? Watu hufikiri kuwapo ni kitu ulichonacho, kama pua. Mwatima aliona kwamba labda kuwapo ni jibu tu, na jibu hukaa mkononi mwa anayeuliza. Akaweka kalamu chini, akaishika tena.

Akaandika upya. Kwanza: hesabu mashahidi wote wa kila mtu. Kisha: wabakize wenye watatu au zaidi. NA. Kisha katika mabano, ili AU isije ikatoroka ikafungulia mlango kila mtu: mwenyewe amezika AU shahidi wake mmoja amezika. Akasukuma. Akasubiri huku akisikia sauti ya Machano ngazini, mimi Machano, mimi Machano, ikizidi kuwa ndogo.

Jibu likatoka. Orodha ilikuwa fupi. Droo ya Machano haikuwamo. Akaiuliza peke yake, mashahidi wangapi? Watano.

Mwatima alifunika uso kwa viganja, akashukuru. Bi Raya alimwuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Ulikuwa mchana mweupe, upepo wa mto unaingia dirishani, swali limekamilika ila kwa maneno manne ambayo tangu mwaka jana huongezwa mwishoni kama chumvi, na yeye alikuwa na ndugu. Mtu mwingine angekula chakula chake.

Watano gani?

Swali lilimjia lenyewe, kwa ile tabia yake. Machano alikuwa ng'ambo karibu umri wake wote. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa nyumba ya pembeni ambayo hata mbuzi hawakuipitia. Mama amekufa. Baba alikufa kabla ya mama. Jirani zao waligeuka kuta. Nani watano? Akajiambia, acha. Akajiambia, watano ni watano. Akajiambia, hivi ndivyo wenye bahati wanavyoishi, hawaulizi. Alikuwa amekwisha kusimama.

Hapa ni lazima desturi moja ya mji ielezwe, kwa kuwa ndiyo iliyomtega. Mtu wa mji ule akivuka jambo kubwa, ndoa, msiba, ugonjwa wa kukaribia kufa, jina lake la zamani huoshwa kwa maji ya mto, akapewa jipya, na jina jipya hupewa droo mpya. Lililooshwa halirudi. Mtu hubaki na matendo yake ila hajui aliyatenda akiitwa nani. Mwatima ni jina alilopewa baada ya kumzika mama. Yaliyotangulia hakuyajua. Watu hawakuona ubaya. Walisema mzigo unapungua.

Faki alimfungulia droo. Mlikuwa na vikaratasi vitano, kila kimoja mwandiko wake na jina lake.

Siwa alisema: Maji yalipoingia ndani nilimbeba mgongoni. Alininyia. Sikumtupa.

Somoe alisema: Nilimfunza kuhesabu kwa punje za mahindi. Tulipofika saba akazila.

Zaituni alisema: Nilimwona akivuka mto. Aligeuka mara mbili.

Nyamizi alisema: Sikumwona kwenye mazishi ya mume wangu. Nilimwekea nafasi.

Mwatima alisema: Amerudi. Ni yeye.

Mwatima alikumbuka kwenda kushuhudia mara moja tu, hiyo ya mwisho. Lakini mgongo wake uliyakumbuka maji. Akavipanga vikaratasi mezani kwa Faki, akaacha kusoma maneno, akatazama madole, maana ndiyo kazi yake. La kwanza lilikuwa dogo, la mtoto, safi. La pili lilikuwa na kovu lililokatiza katikati, la tatu hivyohivyo, la nne, la tano. Mistari ilizunguka mlemle. Akainua dole lake mwenyewe kwenye mwanga. Kovu lile lilikuwa la mbuzi ya nazi, alijikata akiwa na miaka tisa na mama akamfunga kitambaa cha leso.

"Wote wewe," alisema Faki, aliyekuwa akichungulia begani.

"Wote mimi."

"Basi ana mmoja."

Mwatima alivirudisha vikaratasi kimoja kimoja, kwa mpangilio wa miaka.

Akapanda ngazi. Akampita Machano, ambaye sasa alikuwa amejikunja kwenye ukuta na mtu mmoja amemtundikia koti begani akidhani ni msumari. Akaketi. Akafungua daftari la mwaka uliopita.

Mwaka uliopita ndio alipoyatunga yale maneno manne. Alikuwa ameshuku kwamba kuna watu wanasimama kwa shahidi mmoja mwenye majina mengi, akaongeza mwishoni mwa swali: kila mtu mara moja. Hifadhi ikaacha kuhesabu majina, ikahesabu madole. Alisifiwa sana. Wakubwa walimwita, wakampa kiti chenye mito. Na jibu la mwaka ule alilinakili kwa mwandiko mzuri, na mstari wa tatu ulisema: mume wa Raya, mwenye muhuri. Mashahidi wanne. Kila mtu mara moja: mmoja, mkewe.

Aliyafikiria haya kwa vipande, kwa kuwa mazima hayakumwingia.

Siwa si mimi. Siwa alikuwa na miaka saba na alimbeba mtoto mkubwa nusu yake. Mimi leo ningeogopa maji.

Ni mimi. Dole ni langu.

Mtu akikupenda akiwa mtoto, akakupenda akiwa mke wa mtu, akakupenda akiwa mjane, kila mara bila kujua kwamba alikwisha kukupenda, huyo ni shahidi mmoja? Alianza upya mara tano. Mara tano hakulazimishwa.

Watano.

Basi na Raya alikuwa wanne.

Huwezi kusema watano ukasema mmoja. Chagua.

Niliandika mmoja. Nilisifiwa.

Ndugu yangu yuko ngazini amevalishwa koti la watu.

Hakuongeza maneno yale. Alilinakili swali kwenye karatasi safi, akapiga moyo konde, akaisukuma mezani kwa Bi Raya. Na hapo ndipo palipokuwa pabaya, kwa sababu mwenye muhuri hulilinganisha swali la mwaka huu na la mwaka jana, neno kwa neno, na tofauti yoyote ni lazima mwandishi aielezee kwa kinywa, papo hapo, kabla ya muhuri kushuka. Mwatima alikuwa amekwisha kuandaa uongo. Angesema maneno yale yameonekana hayana kazi. Ulikuwa uongo mzuri, wenye vielelezo.

Bi Raya alisoma kwa kidole. "Hapa umebadili, kuhesabu kumetangulia kuchekecha."

"Nilikuwa nimekosea. Sheria inataka wote wahesabiwe."

"Sawa." Kidole kikaendelea mpaka chini, kikasimama penye weupe. "Maneno manne hayapo."

"Hayapo."

"Umeyasahau au umeyaacha?"

"Nimeyaacha."

"Kwa nini, shoga?"

Mwatima alifungua kinywa ili uongo utoke. Bi Raya alikuwa amemgeukia vizuri, mkono wake mmoja umepumzika juu ya kiti cha pili, bila kujua, jinsi mtu anavyomwekea mwenzake mkono begani. Mwatima akauacha uongo wake.

"Kwa sababu yangeniondolea ndugu yangu," alisema. "Ana mashahidi watano na wote ni mimi."

"Basi si ana mmoja?"

"Kwa maneno manne, ndiyo."

"Na mwaka jana uliyaweka. Mwaka jana hukuwa na wa kumhurumia?"

"Mwaka jana alikuwa mumeo."

Bi Raya alitazama karatasi, akatazama dirisha. Kisha akautazama mkono wake ulipokuwa, akauondoa polepole.

"Nilikuwa na mume?"

"Daftari linasema."

"Mtu gani? Mrefu? Mkali?"

"Sijui. Halisemi. Linasema alikuwa na mashahidi wanne, nao wote walikuwa wewe."

"Nilikwenda kumshuhudia mara nne." Bi Raya alicheka kicheko kimoja kikavu. "Mimi huyu. Mimi ninayelalamika ngazi hizi kila siku." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatoke. Kisha akakasirika, hasira ya kweli, akaupiga mezani muhuri mtupu mpaka wino ukaruka. "Wako watano ni watano! Wangu wanne wakawa mmoja! Umekaa hapa mwaka mzima unanitazama nafuta kiti, umenyamaza!"

"Nimenyamaza."

"Ulikuwa unanionea huruma?"

"Nilikuwa naogopa. Na ningesema leo pia kama nisingebanwa? Sidhani. Sitaki nikudanganye."

Nje jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Ngazini hapakusikika tena jina la mtu. Mwatima aliweka viganja juu ya meza, hakuomba, kwa sababu hakuona kwa mdomo gani angeomba. Kalamu ilikuwa mbele ya Bi Raya. Nafasi nyeupe ilikuwa chini ya swali, pana ya kutosha, na mkono wa mwenye muhuri una ruhusa ya kurudisha neno lililoachwa. Bi Raya alishika kalamu. Aliishika kwa muda ambao Mwatima hakuweza kuuhesabu, yeye aliyehesabu kila kitu.

Kisha akaiweka chini, akachovya muhuri, akaugandamiza juu ya nafasi nyeupe, ikajaa.

"Usinishukuru," alisema. "Sijakusamehe. Nimechoka tu kuona watu wanakuwa mmoja." Akaisukuma karatasi tunduni yeye mwenyewe.

Ngazini mtu alikohoa. Sauti ya tarishi ikasema, "Machano! We, ondoa koti langu begani!" Mwatima alisimama, akaketi tena. Akalia kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa mpigo, na hakujaribu kuvitenganisha.

Bi Raya alimsubiri amalize.

"Sasa sikiliza," alisema. "Nikilala hili litanitoka. Kesho nitaingia hapa sijui kitu."

"Najua."

"Utaniambia."

"Nitakuambia."

"Kesho, na kesho kutwa, na kila siku nitakayopanda ngazi hizi. Si kwa mwaka mara moja. Nitakushuku. Nitasema unanitania, nitasema unataka kiti changu, labda nitakupiga. Niambie hivyohivyo. Liandike kwenye hilo daftari lako usije ukajisingizia umesahau."

Mwatima aliandika, Bi Raya amesimama juu yake akihakiki kila neno, kisha akalipiga na hilo muhuri.

Asubuhi yake Mwatima alifika wa kwanza. Alisoma daftari. Alisoma mara mbili, akijishuku mwenyewe, kwa kuwa hakukumbuka kuwahi kuandika jambo la namna hiyo, na lau si muhuri angesema mtu kamchezea. Bi Raya akaingia akihema, akilaani ngazi.

"Bi Raya," alisema Mwatima, "keti kwanza. Ulikuwa na mume. Uliandikisha ushahidi wake mara nne. Mimi niliandika swali lililomwondoa."

Bi Raya alisimama palepale mlangoni. Akamtazama toka juu mpaka chini, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine chumbani, akayakaza macho.

"Nani kakutuma?"

"Wewe," alisema Mwatima, akamgeuzia daftari.